Mcheza kwao hutunzwa: televisheni inayoinua watu vitini

Tangu televisheni ilipoingia majumbani, kazi yake kubwa imekuwa kuwakalisha watu. Baba hurudi kutoka zamu, akavua viatu, akaketi. Mama humaliza shughuli za jikoni, naye akaketi. Watoto hujipanga sakafuni, na nyumba nzima hutazama upande mmoja bila mtu kumtazama mwenzake. Siku hizi hata kule kuketi pamoja kumepungua. Kila mmoja ana simu yake mkononi, na familia ya watu sita yaweza kujaa katika chumba kimoja huku kila mtu akiishi katika dunia yake.

Walakini ipo aina moja ya michezo iliyoigeuza desturi hiyo kichwa chini miguu juu. Ni michezo ya dansi ya video, ambayo haichezwi kwa kubonyeza vitufe huku mtu amejiegemeza kitini, bali kwa kusimama na kuusogeza mwili. Muziki hulia, mcheza dansi hutokea katika kioo cha televisheni, na waliomo chumbani humwigiza mkono kwa mkono na hatua kwa hatua. Mashine huwapima na kuwapa alama. Wimbo ukiisha, wachezaji huketi wakitweta, na zamu huwa ya wengine.

Huenda mtu akauliza jambo hilo lamhusu nini askari na jamaa yake. Jibu ni kwamba askari ni mtu wa kuondoka na kurudi. Hurudi baada ya majuma au miezi akakuta watoto wamekua, wamepata mambo yao, na mazungumzo hayana pa kuanzia. Kitu chochote kinachowapa watu wa nyumba moja sababu ya kusimama pamoja na kuchekana bila kuumizana chastahili kuchunguzwa: chafanyaje kazi, kina faida gani, na ni wapi mtu ajihadhari.

MKEKA WENYE MISHALE

Asili ya michezo hii iko Japani. Mwaka 1986 kampuni ya Bandai ilitoa mkeka wa plastiki uliounganishwa na mashine ya michezo ya Nintendo, na mchezaji akawa anakimbia na kuruka juu yake. Lakini mchezo ulioitangaza dansi ya namna hii duniani ulitolewa na kampuni ya Konami mwaka 1998, ukaitwa Dance Dance Revolution. Ilikuwa mashine kubwa ya kuwekwa katika kumbi za michezo, yenye jukwaa la kusimama watu wawili bega kwa bega. Kila mmoja alikuwa na mishale minne chini ya miguu yake: wa mbele, wa nyuma, wa kushoto na wa kulia. Katika kioo mishale ilipanda kwa mapigo ya muziki, na mchezaji alipaswa kuukanyaga mshale wake barabara wakati ule wa kiooni ulipofika mahali pake. Mwaka 1999 ukatolewa mchezo huo kwa matumizi ya nyumbani, pamoja na mkeka mwepesi wa kutandikwa sakafuni.

Askari yeyote aliyepitia kwata atauelewa mchezo huo mara moja. Amri hutolewa, mguu hujibu, na kosa huonekana mbele ya watu wote. Tofauti ni kwamba hapa anayekosea hafokewi na sajini, bali huchekwa na dada yake.

Wala si jambo geni kwa Afrika Mashariki dansi kuchota hatua zake katika gwaride. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilichezwa kwa kuigiza kwata na bendi za kijeshi. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 waliieneza bara mbali na pwani. Vyama vya beni vilikuwa na vyeo, sare na mashindano, lakini vilikuwa pia na kazi nyingine isiyoonekana uwanjani: wanachama walisaidiana katika maradhi na mazishi. Watu walikusanywa na ngoma, kisha wakabaki pamoja kwa sababu nyingine. Kumbukumbu hiyo yafaa kuwekwa akilini, kwa maana ndiyo mizani ya kupimia michezo hii ya leo.

KIPIMO CHA MKONO, KIPIMO CHA MWILI

Hatua ya pili ilikuja Novemba 2006, Nintendo ilipotoa mashine iitwayo Wii. Badala ya kitu chenye vitufe vingi cha kushikwa kwa mikono miwili, mchezaji alipewa kishikio kimoja kama cha kuwashia televisheni. Ndani yake kilikuwamo kifaa kidogo kinachopima mabadiliko ya mwendo: mkono ukipanda, ukishuka, ukienda kasi au ukisimama ghafla, mashine hupata habari. Bibi ambaye hajawahi kugusa mchezo wa video aliweza kukishika na kuelewa kazi yake kabla ya kuelezwa. Mashine za Wii zaidi ya milioni 100 ziliuzwa.

Mnamo Novemba 2009 kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft ilitoa mchezo wa dansi kwa ajili ya mashine hiyo, uitwao Just Dance. Haukuanza kama jambo kubwa. Ulichipuka kutokana na sehemu ndogo ya kucheza dansi iliyokuwamo katika mchezo wa kuchekesha wa sungura, uliotolewa mwaka 2008. Wachezaji hadi wanne waliweza kucheza kwa wakati mmoja. Mtu wa kuigizwa alionekana kiooni kama kivuli chenye rangi kali, asiye na sura ya kutambulika, naye alivaa glavu ya rangi ili kila mtu ajue ni mkono upi wa kufuata. Alicheza kama kioo cha kujitazamia, yaani yeye akienda upande mmoja, mchezaji naye alielekea upande ule ule, bila kuumiza kichwa kwa kugeuza kushoto na kulia.

Wachambuzi wengi wa michezo ya video waliuponda. Walisema kipimo chake ni hafifu, nao hawakukosea. Mashine ilihisi mkono ulioshika kishikio tu, wala haikujua miguu iko wapi. Mtu aliweza kuketi kitini, akapunga mkono kwa ustadi, akapewa alama nyingi kuliko kijana aliyetokwa na jasho. Hata hivyo watu waliununua kwa mamilioni.

Kasoro hiyo ilionekana kupata dawa Novemba 2010. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa kifaa kiitwacho Kinect, cha kuwekwa karibu na televisheni. Hicho hakikuhitaji kushikwa. Kilirusha mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, kikapima umbali wa kila kitu chumbani, kisha kikachora ndani ya mashine umbo la mchezaji na viungo vyake: kichwa, mabega, viwiko, nyonga, magoti na nyayo. Siku ile ile ukatoka mchezo wa Dance Central, uliotengenezwa na kampuni ya Harmonix. Mchezo huo ulimwona mchezaji kweli kweli, na kiungo kilichokosea kiliwaka rangi nyekundu kiooni. Hakuna aliyeweza kuudanganya kwa kupunga mkono. Katika siku 60 za kwanza vifaa vya Kinect vipatavyo milioni 8 viliuzwa, na jambo hilo likaingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

NGOMA IVUMAYO HAIDUMU

Ingedhaniwa kwamba mashine inayopima sawasawa ingeishinda ile inayokisia. Mambo hayakwenda hivyo. Utengenezaji wa Kinect ulikomeshwa mwaka 2017. Just Dance, ule uliopondwa, uliendelea kupata toleo jipya mwaka baada ya mwaka. Hata mashine ya zamani ya Wii, ambayo ilikwisha kuachwa na michezo mingine, ilitolewa diski ya Just Dance kwa mara ya mwisho Novemba 2019, miaka 13 baada ya kuzaliwa kwake. Familia zilikuwa bado zinayo sebuleni, nazo zilikuwa bado zinacheza.

Sababu za kuanguka kwa Kinect zilikuwa zaidi ya moja. Bei ilikuwamo, na nafasi ilikuwamo pia. Mchezaji mmoja alitakiwa kusimama kiasi cha futi 6 kutoka kwenye kifaa, na wachezaji wawili futi 8. Sebule nyingi duniani hazina uwanja huo, sembuse chumba cha kota chenye meza, makochi na kabati. Lakini ipo pia sababu inayohusu tabia za watu, nayo yaelekea ndiyo kiini cha jambo lote. Watu wanaokusanyika kucheza nyumbani hawatafuti hakimu. Shangazi anayetia hatua kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini hataki kuonyeshwa kwamba goti lake la kushoto limechelewa. Anataka nafasi ya kuingia uwanjani bila aibu.

Mchezo unaosamehe ndio uliompa nafasi hiyo. Kwanza, kila mtu chumbani hutazama kioo, si mwenzake. Kwa hiyo asiyejua hafunuliwi. Pili, wimbo ni wa dakika tatu au nne tu, na hakuna anayeulizwa kwa nini amepumzika baada yake. Tatu, mtoto wa miaka tisa huweza kumshinda baba yake mwenye nyota begani, na ushindi huo hauvunji heshima ya mtu, kwa kuwa wote wanajua kwamba mashine yenyewe hukosea. Alama zikiwa za kubahatisha kidogo, kushindwa hakuumi. Kipimo kibovu kilifanya kicheko kuwa chepesi.

POLISI WALIPOCHEZA

Ushahidi kwamba dansi ya kuigizana huunganisha watu hauhitaji kutafutwa katika mashine peke yake. Mwaka 2019 Master KG wa Afrika Kusini alitoa wimbo wa Jerusalema, ulioimbwa na Nomcebo Zikode kwa Kizulu. Februari 2020 kikundi cha Angola kiitwacho Fenómenos do Semba kilijipiga picha za video kikicheza wimbo huo, sahani za chakula mikononi, hatua zao zikiwa rahisi kwa yeyote kuziiga. Wakati nchi nyingi zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, dansi hiyo ilizunguka dunia. Wauguzi waliicheza hospitalini, na watawa waliicheza katika nyumba zao. Polisi wa Uswisi waliicheza, kisha wakawatolea changamoto wenzao wa Ireland. Februari 2021 polisi wa Ireland wakajibu kwa video yao, wakicheza wakiwa na sare kamili katika sehemu mbalimbali za nchi, ili kuwachangamsha wananchi waliochoka kufungiwa majumbani.

Novemba 2021 wimbo huo ukaingizwa katika toleo la Just Dance la 2022. Hivyo hatua zilizotoka katika ua wa nyumba huko Angola zilirudi majumbani kwa watu wa mataifa mengi kupitia kioo cha televisheni. Mwafrika anayeutazama mchezo huo kama kitu cha wageni tu ana haki ya kukumbushwa kwamba mwalimu wa somo hilo alitoka kwetu.

FAIDA YA MWILI NA AKILI

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, hushauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kila siku. Nyimbo nne au tano za dansi zikichezwa kwa bidii hutimiza robo saa na zaidi. Si badala ya mbio za asubuhi za askari, lakini kwa mama aliyeketi dukani siku nzima, au kijana asiyependa mpira, ni mwanzo mwema. Huko Marekani, jimbo la West Virginia lilitangaza mwaka 2006 mpango wa kupeleka mchezo wa Dance Dance Revolution katika shule zake zote 765 za umma, kwa kuwa lilisumbuliwa na unene wa watoto. Waliolengwa zaidi walikuwa wale wasiochaguliwa kamwe katika timu yoyote.

Askari walioumia nao walinufaika na mashine za namna hii. Kufikia mwaka 2008 hospitali za jeshi la Marekani, zikiwamo ile ya Walter Reed na ile ya Landstuhl huko Ujerumani, zilikuwa zikiitumia Wii katika kuwafundisha majeruhi upya kutumia mikono na kusimama imara. Mazoezi ya kurudisha nguvu ya kiungo huchosha kwa kuwa hurudiwa mara nyingi. Mchezo humfanya mgonjwa asahau kuhesabu.

Wazee pia hawakusahauliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulifanywa huko Ubelgiji kwa wazee 45 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 85. Kundi moja lilicheza juu ya sahani ya kukanyaga mbele ya kioo kwa dakika 15, mara tatu kwa juma, kwa majuma manane. Kundi la pili lilitazama na kusikiliza video za muziki walizozipenda. Waliocheza walipata nafuu katika umakini, kumbukumbu na wepesi wa kuitikia. Waliotazama tu walizidi kudhoofika. Muziki walipewa wote. Waliofaidika ni wale waliousimamia kwa miguu yao.

ADABU YA MCHEZO KATIKA KOTA

Familia inayofikiri kununua mashine ya aina hii yafaa izingatie mambo machache.

La kwanza ni usalama wa mikono na vyombo. Desemba 2006 Nintendo ililazimika kutoa badala ya kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2, baada ya vishikio kuwaponyoka watu na kupasua televisheni zao. Kamba ya kifundo cha mkono ivaliwe daima. Meza isogezwe, jiko la mkaa au chai ya moto isiwe karibu, na mtoto anayetambaa ashikwe na asiyecheza. Kucheza na soksi juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa rangi ni kutafuta kuteleza.

La pili ni majirani. Katika nyumba za laini ukuta ni mmoja, na jirani aliyetoka zamu ya usiku hulala mchana. Katika ghorofa, dari ya mtu ni sakafu ya mwenzake. Saa za kucheza zipatane na zamu za wenyeji, na jirani akialikwa aje acheze naye, nusu ya ugomvi huisha kabla haujaanza.

La tatu ni jicho la kamera. Mwaka 2013 Microsoft ilipotangaza kwamba mashine yake mpya isingefanya kazi bila Kinect kuunganishwa, watu wengi walipinga kuwa na kamera na kisikilizio kilicho macho daima sebuleni, na kampuni ikaliondoa sharti hilo mwaka ule ule. Nyumba ya askari ina sababu zaidi za kuwa makini. Kamera na simu zenye kunasa picha zizimwe mchezo ukiisha, wala sare, silaha na karatasi za kazi zisionekane nyuma ya wachezaji katika video zinazotumwa kwa marafiki.

La nne ni fedha. Tangu toleo la 2023, lililotoka Novemba 2022, Just Dance umekuwa mchezo unaotegemea sana intaneti, na hazina kubwa ya nyimbo zake hupatikana kwa ada ya kulipwa tena na tena. Ada ikikatika, nyimbo hizo huondoka. Diski za zamani hazina usumbufu huo. Aidha, tangu 2014 simu ya mkononi imeweza kutumika badala ya kishikio katika baadhi ya matoleo, jambo linalopunguza gharama ya vifaa.

La tano ni heshima. Mzazi ausikilize wimbo kwanza kabla ya kuuacha uchezwe na watoto, kwa maana si kila wimbo wa dansi una maneno ya kusikilizwa mbele ya bibi. Na pale ambapo mila haziruhusu baba mkwe kutikisa mabega mbele ya mkaza mwana, hakuna haja ya kuzivunja. Mzee apewe kiti cha mwamuzi. Mashine ikikosea kuhesabu, neno lake liwe la mwisho.

Kwa familia isiyo na mashine wala azma ya kuinunua, somo lenyewe halina bei. Redio au simu yenye muziki yatosha. Mmoja asimame mbele awe kioo, wengine wamfuate, na kila wimbo uwe na kiongozi mpya: leo mtoto wa shule kwa dansi aliyoiona mjini, kesho baba kwa hatua za ngoma ya kijijini kwake, ambazo huenda watoto wake waliozaliwa kambini hawajawahi kuziona. Hapo ndipo mchezo huu unapoipita mashine, kwa kuwa hakuna kampuni itakayoziweka hatua hizo katika diski iwapo mzazi hakuzicheza mbele ya wanawe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walijua kwamba uwanja wa nyumbani ndio pekee ambapo mtu hutuzwa hata akikosea. Askari aliyerudi likizo, akatupa kofia kochini na kushindwa na binti yake kwa alama elfu mbili, amekwisha kutuzwa.